Taa ya Nanga Inayojiwasha: Ichaguliwe Vipi, Ifungwe Wapi

Taa ya nanga ndiyo taa ya chombo inayosahaulika kuliko zote, na sababu yake si ngumu kuiona. Taa za safari huwashwa na mtu aliye macho, ameshika usukani, giza analiona likimjia. Taa ya nanga inadaiwa wakati kazi imekwisha: samaki wameshashushwa, mashine imezimwa, mabaharia wameshuka pwani au wamejilaza sitahani. Mara nyingi chomboni hamna mtu kabisa. Mwenye boti kaondoka saa tisa alasiri, jua bado kali, na hakuna anayewasha taa saa hiyo. Usiku unaingia, boti imelala mita mia mbili kutoka ufukweni bila alama yoyote, na boti nyingine zinarudi na samaki saa tisa za usiku zikiwahi mnada wa alfajiri.

Boti ya faiba inayokwenda noti 15, yaani karibu kilomita 28 kwa saa, humaliza mita 50 kwa chini ya sekunde 7. Nahodha wake, hata awe hodari namna gani, hana muda wa kukwepa kitu alichokiona akiwa karibu hivyo. Taa moja nyeupe, inayokula umeme mdogo kuliko wa kuchaji simu, ingemwonyesha akiwa bado mbali. Kwa hiyo nawashauri wote ambao vyombo vyao hulala majini bila mtu wafunge taa ya nanga yenye sensa ya mwanga, ile ambayo mafundi wa umeme huiita fotoseli. Giza likiingia inawaka, kukipambazuka inazima, mwenye boti awepo asiwepo.

Ushauri huo una sharti moja. Kabla ya kuuliza bei, kabla ya kuuliza kama haipitishi maji, muulize muuzaji au fundi: kifaa hiki kikiharibika, taa itabaki imewaka au itabaki imezimwa? Sensa inayoharibika ikaacha taa inawaka mchana kutwa inakupotezea betri, na utaigundua kesho yake kwa sababu taa inayowaka saa sita mchana inaonekana na kila apitaye. Sensa inayoharibika ikaacha taa imezimwa haimwambii mtu chochote. Wewe uko nyumbani umelala ukijua taa inawaka yenyewe, na kwa sababu ya kujua hivyo umeacha kwenda kuangalia. Taa ya namna hiyo ni hatari kuliko swichi ya kawaida, maana mwenye swichi ya kawaida angalau anajua kwamba asipoiwasha haiwaki.

Kanuni zinadai nini

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972, zilizoanza kutumika tarehe 15 Julai 1977, zinakitaka chombo kilichotia nanga kionyeshe taa nyeupe inayoonekana pande zote, nyuzi 360 bila kukatika. Meli za mita 50 na zaidi huwasha mbili, ya omo ikiwa juu na ya tezi ikiwa chini yake. Chombo kisichofika mita 50 kinaruhusiwa kuwasha moja tu, mahali inapoonekana vizuri zaidi. Kwa vyombo vyetu vidogo taa hiyo iwe inaonekana umbali wa maili 2 za baharini, yaani kilomita 3.7 hivi, na kiambatisho cha kwanza cha kanuni hizo kinautaja mwanga wenyewe: usipungue kandela 4.3. Muda wake ni tangu jua kuzama hadi jua kuchomoza, na hata mchana ikiwa mvua kubwa au ukungu umeziba macho.

Chombo kisichofika mita 7 kimesamehewa, lakini msamaha huo una mipaka ambayo wengi hawaielezi. Unahusu chombo kilichotia nanga mbali na mlango mwembamba wa bahari, mbali na njia ya meli, mbali na mahali vyombo vinapotia nanga, na mbali na mahali vyombo vingine hupita kwa kawaida. Ngalawa iliyofungwa nyuma ya kisiwa, ndani ya mikoko, pasipopita mtu, imo ndani ya msamaha. Ngalawa hiyohiyo ikilala mbele ya diko, kati ya mashua thelathini zinazoingia na kutoka usiku kucha, haimo. Na wengi wetu tunalaza vyombo mbele ya diko. Ukiwa na shaka kuhusu eneo lako, hasa kwa vyombo vya maziwani, waulize wakaguzi wa vyombo vidogo: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar, KMA kwa Kenya.

Hapo kwenye kandela 4.3 ndipo taa za sola za bustani zinaposhindwa. Ni kweli zina sensa, zinajiwasha, na bei yake inavutia. Lakini zimetengenezwa kumwonyesha mtu njia ya kwenda mlangoni, na betri iliyomo ndani ni seli ndogo ya volti 1.2. Siku tatu za mawingu zikifuatana, taa hiyo haifiki usiku wa manane. Zile za kumetameta zinazofungwa kwenye nyavu nazo hazifai, hata zikiwa na nguvu, kwa sababu taa ya nanga haimeti na haina rangi. Unaponunua taa ya nanga tafuta maandishi 2NM kwenye kifuniko au kwenye boksi. Hayo ndiyo maili 2. Pasipo na maandishi hayo, wala karatasi yoyote ya mtengenezaji inayotaja umbali, iache dukani.

Ndani ya sensa

Sensa ya bei ndogo ukiitazama kwa karibu utaona kidude cha duara, chembamba kama kifungo cha shati, chenye uso wa kioo au plastiki angavu, na chini ya uso huo mstari wa rangi ya machungwa uliojikunja kwenda na kurudi mara nyingi. Rangi hiyo ni salfaidi ya kadimi. Gizani haipitishi umeme ila kidogo sana, ukinzani wake unafika omu milioni moja na kuzidi. Ikipigwa na jua, ukinzani unashuka hadi omu mia chache. Saketi iliyo nyuma yake inaupima ukinzani huo: ukiwa mkubwa inasema ni usiku, ukiwa mdogo inasema ni mchana. Sensa za kisasa zaidi hutumia transista inayohisi mwanga, lakini hesabu yake ni hiyohiyo.

Sasa fikiria vitu viwili vinavyotokea baharini. Waya wa sensa ukikatika, umeme haupiti, saketi inadhani ni usiku, taa inawaka. Hilo ni jema. Lakini maji ya chumvi yakipenya yakalowanisha miguu miwili ya sensa, umeme unapita kwenye unyevu, saketi inadhani ni mchana, na taa haiwaki kamwe. Chumvi ina subira. Inaingia kwenye ufa wa gundi, kwenye tundu la skrubu, kwenye waya wenyewe ikipanda ndani ya plastiki. Kwa hiyo kuziba sensa ni kazi ya usalama, na fundi asiiache hadi mwisho wakati gundi imekaribia kuisha.

Izibwe kwa epoksi, au kwa silikoni isiyonuka siki. Ile silikoni ya kawaida ya madirishani na bafuni, inayotoa harufu kali ya siki inapokauka, hutoa asidi inayokula shaba. Ukiitumia kuziba viungo vya waya unakuwa umekifungia kiungo hicho ndani pamoja na kitakachokiharibu.

Jambo la pili la kuuliza ni kuhusu swichi ya umeme iliyomo ndani ya kifaa, yaani rilei. Kuna rilei inayotumia umeme kuiwasha taa, na kuna rilei inayotumia umeme kuizuia taa isiwake mchana. Ya pili inakula umeme mchana, lakini saketi ikifa kabisa, kizuizi kinaachia na taa inawaka. Fotoseli nyingi za taa za barabarani zimetengenezwa kwa msingi huo, na ndiyo sababu mojawapo unaziona taa za barabarani zikiwaka jua la mchana: fotoseli imekufa, barabara haikuachwa gizani. Ukipata ya volti 12 yenye tabia hiyo, ichukue. Zile zinazouzwa kwa ajili ya taa za ulinzi za nyumbani ni za volti 220 hadi 240 za umeme wa gridi, na hazina kazi kwenye betri ya boti hata kama fundi atakuambia atazigeuza.

Wazo hili la taa kuwaka kizuizi kinapoachia ni la zamani kuliko umeme wa betri kwenye boti zetu. Mwaka 1907 Mswidi Gustaf Dalén alibuni vali ya jua kwa ajili ya minara na maboya yaliyowaka kwa gesi ya asetilini. Katikati aliweka fimbo nyeusi, kando yake fimbo zinazong'aa. Jua likichomoza fimbo nyeusi hunyonya joto la mwanga, hurefuka kuliko wenzake, na kubana mlango wa gesi. Jioni inarudi kimo chake na gesi inapita tena. Alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia ya 1912, mwaka uleule alipopoteza macho yake kwa mlipuko wa gesi akiwa kazini, na ndugu yake ndiye aliyekwenda kuipokea. Angalia alivyoipanga: kazi ya jua ilikuwa kuizima taa. Pasipokuwa na kitu cha kuisukuma fimbo, mlango ulikaa wazi na boya likawaka.

Mahali pa kuifunga

Kosa linaloonekana sana kwenye boti zilizofungwa sensa kwa haraka ni sensa kuwekwa inapoiona taa yake yenyewe. Giza linaingia, taa inawaka, sensa inaona mwanga, inaizima. Giza linarudi, inaiwasha tena. Matokeo yake ni taa inayopepesa usiku kucha. Kwa mwenye chombo inaonekana ni kasoro ndogo, mradi inawaka. Kwa nahodha anayekuja kutoka nje ni jambo zito, maana taa nyeupe inayometameta haraka ni lugha ya maboya yanayoonyesha upande wa kupita penye mwamba au fungu. Anaweza kugeuza usukani akitafuta maji salama kwa kulifuata boya ambalo halipo.

Sensa itazame juu, mbinguni, na iwe juu ya usawa wa taa au imekingwa na kipande cha bomba la plastiki nyeusi kinachoizunguka. Nyumbani watu hubishana ielekezwe mashariki au kaskazini. Kwenye chombo kilichotia nanga hilo halina maana, kwa sababu chombo huzunguka na maji yakijaa na kupwa, na upepo wa kusi ukigeuka kaskazi kinalala upande mwingine kabisa. Juu ndiko hakubadiliki. Ubaya wa kutazama juu ni ndege. Mavi ya ndege yakifunika kioo, sensa inaona giza na taa inawaka mchana. Kioo chenye umbo la kichuguu huoshwa na mvua vizuri zaidi kuliko kilicho bapa, lakini kitambaa chenye maji baridi kila unapopanda chomboni ndiyo dawa.

Mbalamwezi isikutie wasiwasi. Mwezi mpevu hauzidi mwanga wa theluthi moja ya luksi, wakati jua linapozama kwenye anga safi kuna luksi mia kadhaa. Cha kuogopa ni karabai na taa kubwa za LED za wavuvi wa dagaa. Wakati wa giza la mwezi, vyombo vya dagaa vinapovua au kutia nanga karibu na chako, mwanga wake unaweza kuifanya sensa iliyopangwa vibaya iamini kumekucha, taa yako ikazimika mahali ambapo vyombo vinapita vikisogeleana. Bomba la kuikinga sensa kwa pembeni linasaidia sana hapa. Msaada mwingine ni kifaa chenye subira, yaani kinachongoja nusu dakika au zaidi kabla ya kubadili uamuzi. Kikiwa na subira hakidanganywi na radi wala na tochi ya boti inayopita.

Vifaa vingi huja vimepangwa kuwaka giza likiwa limeshakolea, dakika 15 hadi 20 baada ya jua kuzama. Huku kwetu jioni ni fupi, na hizo dakika ndizo ambazo macho ya watu bado hayajazoea giza, tena ndizo ambazo boti nyingi zinatoka kwenda kuvua. Kama kifaa kina skrubu ya kurekebisha, kaa nayo jioni moja ya anga safi, uizungushe polepole hadi taa iwake jua linapogusa upeo wa macho. Umeme utakaoupoteza ni wa dakika chache tu.

Na taa yenyewe? Wenye jahazi na mashua hupenda kuipandisha kwenye ncha ya mlingoti, wakidhani juu zaidi ni bora zaidi. Kwa meli inayotoka mbali ni sawa. Lakini anayekuhatarisha zaidi ni mwenzako wa boti ndogo, ambaye macho yake yako mita moja au mbili juu ya maji na anakujia kwa karibu. Taa ya ncha ya mlingoti iko juu ya kimo anachotazama, inachanganyika na nyota na taa za maghorofa. Kanuni zinasema mahali inapoonekana vizuri zaidi, na kwa chombo kinacholala karibu na diko mimi naona hapo ni mita 2 hadi 3 juu ya sitaha. Tanga likishafungwa na foromali kushushwa, taa inaweza kuning'inizwa kwa henza mbele ya mlingoti, upande wa omo, ikafungwa kwa kamba ya chini isicheze. Hakikisha mlingoti hauizibi upande mmoja: zunguka chombo kwa mtumbwi usiku, duara zima, uone kama kuna mahali inapotea.

Umeme wa kuilisha

Hesabu ni rahisi, na kila mwenye boti aifanye kabla ya kununua betri. Balbu ya zamani ya wati 10 ikiwaka saa 12 inakula wati-saa 120, ambazo kwa volti 12 ni ampia-saa 10 kila usiku. Betri ya gari ya ampia-saa 50, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu, inaendesha balbu hiyo usiku mbili na kidogo. Taa ya LED ya wati 2 inakula ampia-saa 2 tu. Betri ndogo ya ampia-saa 18 inaiendesha usiku nne bila jua hata kidogo, bado nusu ikiwa imebaki. Paneli ya wati 10 inatosha siku za jua. Kwa masika weka ya wati 20, maana bei haitofautiani kwa kiasi cha kuhatarisha chombo.

Wenye paneli tayari wana sensa chomboni bila kujua. Vidhibiti chaji vingi vya bei ndogo, vile vyenye kioo na vitufe vitatu, vina mahali pa kufunga taa, na vinaitumia paneli yenyewe kutambua giza: volti ya paneli ikianguka, usiku umeingia. Kwenye vingi vya aina hiyo, ukibonyeza kitufe cha menyu hadi ukafika kwenye namba ya saa, 24 maana yake taa iwake wakati wote, 0 maana yake iwake machweo hadi mawio, na 1 hadi 23 maana yake iwake saa hizo tu baada ya machweo kisha ijizime. Weka 0. Namba 6 itakuzimia taa usiku wa manane. Soma karatasi ya kifaa chako kwanza, kwani watengenezaji hawalingani.

Njia hii ina sifa ile tuliyoitaka: waya wa paneli ukikatika, kidhibiti kinaona giza na taa inawaka. Lakini betri nayo haichajiwi tena, kwa hiyo taa inayowaka mchana ichukuliwe kuwa ni mwito wa kwenda chomboni siku hiyohiyo. Turubai lililoanikwa juu ya paneli linaleta hali ileile. Angalia pia volti ya kukatia umeme. Vingi huja vimepangwa kukata kwenye volti 10.7, na betri ya asidi ikishushwa hadi hapo mara nyingi haidumu. Panga 11.5 hivi.

Wapo wanaoniuliza kwa nini wasitumie saa ya kujiwasha, ile taima. Hilo ni swali zuri, na huku Ikweta ilipo karibu lina jibu ambalo Mzungu wa kaskazini hawezi kulipata. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, hivyo taima iliyopangwa kuanzia saa 12:00 jioni hadi saa 12:45 asubuhi inafunika miezi yote. Taima haidanganywi na karabai wala mavi ya ndege. Ila umeme ukikatika kidogo saa za taima nyingi hurudi sifuri, na chombo kinaanza kuwasha taa saa za ajabu. Tena mpango wa Dar es Salaam haufai Kigoma, ambako jua huchomoza na kuzama likiwa limechelewa kwa zaidi ya nusu saa kulinganisha na pwani. Kwa mtu ambaye chombo chake hakihami na yuko tayari kuikagua saa yake kila juma, taima ni chaguo halali.

Swichi ya njia tatu

Sensa isiachiwe chombo peke yake. Swichi iwe na njia tatu: kuzima, kuwasha kwa mkono, na kujiendesha. Njia ya kuwasha kwa mkono iipite sensa kabisa, iende moja kwa moja kutoka fyuzi hadi taa. Utaihitaji sensa ikifa. Utaihitaji pia mchana wa mvua nzito, kwa sababu sensa inapima mwanga tu; haijui kwamba mvua nyeupe imeziba macho huku anga bado lina mwanga wa kutosha kusoma gazeti.

Njia ya kuzima ina sababu nzito zaidi. Chombo kinang'oa nanga saa kumi na moja jioni, swichi imeachwa kwenye kujiendesha, na saa kumi na mbili na nusu, katikati ya safari, taa ya nanga inajiwasha. Jahazi linalokwenda kwa tanga sasa linamwambia kila alionaye kwamba limesimama. Kanuni zinakataza kuwasha wakati wa safari taa yoyote inayoweza kudhaniwa ni nyingine. Dawa nzuri ni swichi moja yenye pande mbili na katikati tupu: upande mmoja taa za safari, upande wa pili taa ya nanga pamoja na sensa yake. Ukiwasha za safari, ya nanga haiwezi kuwaka. Boti za mashine zisizofika mita 12 zinaruhusiwa kusafiri na taa nyeupe ya pande zote pamoja na zile za ubavuni, nyekundu na kijani, kwa hiyo taa moja yaweza kufanya kazi zote mbili. Lakini umeme wa safarini usipite kwenye sensa.

Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati. Waya wa kawaida wa nyumbani ukiumenya baada ya mwaka mmoja wa bahari utaikuta shaba imegeuka nyeusi na kijani, sentimita kadhaa ndani ya plastiki ambayo kwa nje ni nzima kabisa. Hata kipimo cha milimita mraba 1.5 ni kikubwa kuliko umeme wa LED unavyohitaji, ila unanunua uimara wa kuvumilia mtikisiko. Fyuzi ya ampia 2 ikae karibu na betri. Kabla waya haujaingia kwenye sanduku la viungo, uache ulegee ushuke kidogo kisha upande, ili maji yanayoufuata yadondokee hapo.

Wenye redio ya VHF wana jambo moja la kuongeza. Agosti 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kwamba baadhi ya taa za LED zinavuruga mapokezi ya VHF na ya AIS, ule mfumo wa vyombo kujitambulisha kwa redio. Kupima ni rahisi: taa ikiwa imezimwa, weka redio kwenye chaneli tulivu, zungusha kitufe cha kunyamazisha hadi mvumo ukatike tu, kisha washa taa. Mvumo ukirudi, taa hiyo inakula usikivu wa redio yako. Isogeze mbali na antena ujaribu tena. Ikishindikana, badilisha taa.

Kila mwezi, mchana, funika sensa kwa kitambaa cheusi kilichokunjwa mara mbili na usubiri muda wake wa subira uishe. Taa iwake. Kifunue, izime. Kisha chomoa waya mmoja wa sensa, kama umefungwa kwa namna ya kuchomoka, uone kama taa inawaka. Rudisha waya, mwagia sensa kikombe cha maji ya bahari, urudie kuifunika; isipowaka safari hii, chumvi imeshapata njia, na kifaa hicho kibadilishwe kabla ya jioni. Mwachie mlinzi wa diko namba yako ya simu na umwonyeshe taa yako ni ipi, ili saa moja usiku aitazame. Na ndani ya mfuniko wa sanduku la viungo bandika fyuzi mbili za akiba na mchoro wa waya kwa kalamu isiyofutika, ukitaja rangi ya kila waya na unakokwenda, kwa ajili ya fundi mwingine atakayelifungua sanduku hilo wewe ukiwa safarini.